Nyumba za Wageni Bandarini Bergen

Ukijaliwa kusafiri mpaka Norwei, msomaji, fika Bergen, mji wa bandari uliozungukwa na milima. Kando ya maji utaona safu ya nyumba za mbao zilizobanana, zenye mapaa yaliyochongoka. Mahali hapo huitwa Bryggen. Zitazame kwa makini, maana zinatuuliza swali zito: je, ni haki kubomoa kitu kwa sababu kinatukumbusha watu waliotuonea?

Karibu na mwaka 1360 wafanyabiashara wa Kijerumani walifungua ofisi yao hapo. Walileta nafaka, wakanunua samaki wakavu kutoka kaskazini, wakawa na nguvu nyingi katika mji usio wao. Mwaka 1702 moto uliunguza mtaa huo, ukajengwa upya kwa mtindo ule ule. Ofisi ilikoma mwaka 1754, lakini jina la Gati la Wajerumani lilibaki. Kisha, toka mwaka 1940 hadi 1945, Norwei ilikaliwa na majeshi ya Ujerumani. Tarehe 20 Aprili 1944 meli iliyojaa baruti ililipuka bandarini, ikaua watu wengi na kuziharibu nyumba zile. Wako waliosema afadhali zibomolewe kabisa. Nani angaliwalaumu? Kidonda kilikuwa kibichi.

Lakini lililoondolewa ni jina la Wajerumani, nyumba zilitengenezwa. Mwaka 1955 moto mwingine uliteketeza sehemu yake. Wataalamu walipochimba penye majivu, walikuta mabaki ya mji wa kale zaidi: misingi, viatu vya ngozi, na mamia ya maandishi yaliyochongwa juu ya vijiti kwa herufi za kale za watu wa nchi ile. Baadhi yake yalitangulia ofisi ya Wajerumani. Vijiti vingine vilitaja wenye bidhaa. Kimoja kilikuwa na ujumbe mfupi tu, kwamba Gyda anamtaka mtu fulani arudi nyumbani.

Fikiri jambo hili. Kama hasira ingalipewa nafasi, na majumba mapya yenye misingi mirefu yakajengwa pale, huenda sauti ya Gyda ingalipotea pamoja na alama za wageni. Utasema kuwa kuhifadhi ni kusifu. Sivyo. Hakimu huhifadhi ushahidi wa kosa, wala halisifu kosa. Hasira hasara, walisema wazee. Basi siku utakapoulizwa kibomolewe nini na kibaki nini katika mji wako, usijibu kabla hujauliza kilichofunikwa chini yake.