Je, Kudai Fidia ni Kukosa Kusamehe?

Swali la wiki hii niliulizwa na dada mmoja wa kanisa letu, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi, mguu ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki vizuri. "Pasta, nikidai pesa ya bima, si itakuwa ni kama sikumsamehe?" Yeye na huyo ndugu anayemsema wamenipa ruhusa niandike, bila majina.

Dada huyu huuza mboga kando ya barabara. Karibu miaka miwili iliyopita, gari la shemasi wetu mmoja lilikwepa bodaboda, likapanda pale anapopanga sukuma wiki zake, likamvunja mguu. Akawekwa chuma. Wiki ya tatu nikawaita wote ofisini. Tukaomba, wakalia, wakakumbatiana. Shemasi akatoa shilingi 20,000. Nami, kwa kuwa nilisomea biashara na napenda mambo yawe kwa maandishi, nikachapa karatasi: dada amepokea, amesamehe, hana madai zaidi. Wakatia sahihi, nikatia yangu kama shahidi. Jumapili nikaitoa kama ushuhuda na watu wakapiga makofi.

Pesa hizo ziliisha kabla mguu haujapona. Sasa daktari amesema kile chuma kitolewe, na huo ni upasuaji mwingine. Kusimama siku nzima hawezi tena, kwa hivyo anauza nusu siku. Na mimi mwenye digrii sikuwa nimeuliza hata mara moja: je, bima ya hilo gari inasemaje?

Kenya, kila gari lililo barabarani lazima liwe na bima ya thadi pati. Hiyo ni Sura ya 405 ya sheria zetu, na kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa na gari, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Shemasi alikuwa akiilipia kila mwaka. Yaani kila mwaka alilipia mguu wa mtu asiyemjua, na siku mtu huyo alipopatikana, mimi nikafunga mlango kwa maombi.

Lakini swali la dada si jepesi. Bima ndiyo hulipa, ila dai huandikwa kwa jina la mwenye gari au dereva. Mkikosa kuelewana na kampuni, anayeshtakiwa kortini ni ndugu yako. Hapo ndipo wengi hunitolea 1 Wakorintho 6, na ni kweli Mtume Paulo anauliza kwa nini waamini wasikubali afadhali kudhulumiwa. Huo ni mstari wa 7. Mstari wa 8 unamgeukia anayedhulumu, na tena anayemdhulumu ndugu yake. Mimi nilimhubiria dada mstari wa 7 na sikumsomea shemasi wa 8.

Halafu kuna Kutoka 21:19. Mtu akimpiga mwenzake mpaka akalazwa kitandani, hata kama hakufa, aliyempiga atalipa siku za kazi zilizopotea na kuhakikisha ameponywa kabisa. Kumbe Musa alijua habari ya mapato yaliyopotea! Na hapo hasemi kama wamepatana au bado. Dada alimsamehe shemasi siku ile, mimi niliona. Alichoachilia ni uchungu. Chuma bado kiko mguuni.

Usinisikie vibaya. Kule hospitali kuna kijana alimfuata ati ana wakili, aseme miguu yote miwili iliumia, wagawane nusu kwa nusu. Huo ni ushuhuda wa uongo hata ukiitwa fidia, na wanaoulipia ni watu wengine wenye magari. Tena sheria ya mawakili inakataza kutafutiwa wateja namna hiyo. Wakili wa kweli ana ofisi, na hana haja ya kukuvizia kitandani.

Tulipomwendea wakili, aliuliza kwanza tarehe ya ajali, maana dai la kuumizwa linapaswa kufika kortini ndani ya miaka 3. Tumebakisha miezi 13. Akauliza namba ya OB, abstrakti ya polisi, fomu ya P3, risiti za hospitali. Dada alikuwa na risiti zote kwenye mfuko wa unga. Ajali ilikuwa imeandikwa kituoni, ila abstrakti hakuna aliyeichukua, kwa sababu mimi nilisema mambo yameisha.

Shemasi nilimwendea nyumbani kwake. Aliogopa, sitaficha. Hakuwa ameripoti ajali kwa kampuni yake, na alijua bima ikilipa, mwaka ujao ada inaweza kupanda. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaingia chumbani akatoka na hati yake ya bima. Alhamisi tulikwenda kituoni watatu, yeye ndiye aliyelipa nauli.

Ile karatasi yangu iko kwenye faili la wakili. Anasema kampuni ya bima itaitumia kupinga dai, na hawezi kuahidi itaamuliwaje. Nimemwambia wakiniita kortini nitakuja, nieleze ni nani aliyeiandika na kwamba dada hakuelezwa chochote kuhusu bima kabla ya kutia sahihi.