Toa mji, nikujibu

Mtu akikusimamisha njiani akauliza kivuko cha Kigamboni kiko upande gani, na wewe unajua leo kivuko hakifanyi kazi, hapo hakuna mjadala. Unamwambia. Lakini tuseme kivuko kinafanya kazi vizuri tu, ila wewe unaona angepitia darajani angefika mapema. Unamjibu alichouliza, au unamjibu unachoona kinamfaa? Na kama habari ya daraja haitaki, una haki gani ya kumficha kivuko kiliko mpaka akubali kwamba amekosea kuuliza?

Swali hili nimekutana nalo mara nyingi mahali ambapo wapenzi wa fasihi huenda hawapiti: kati ya watu wanaoandika programu za kompyuta, hasa wale wa lugha za ukoo wa Lisp. Nivumilieni kidogo. Mambo ya mashine yatakuwepo, lakini ninachokitafuta ni kile kinachotokea kati ya mtu anayejua na mtu asiyejua.

Lisp ni lugha kongwe. John McCarthy aliianza mwaka 1958 pale MIT, Marekani, na jina lake limetokana na kazi ya kuchakata orodha. Kila kitu ndani yake kimefungwa kwenye mabano. Ukitaka mbili kujumlisha tatu unaandika (+ 2 3), yaani kitendo kinatangulia na vinavyotendwa vinafuata. Ukitaka kuzidisha jibu hilo kwa nne, unalimeza ndani ya mabano mengine: (* 4 (+ 2 3)). Mabano yanaendelea kumeza mabano mpaka mgeni anashikwa na kizunguzungu. Watoto na wajukuu wa lugha hii ni wengi. Wapo Scheme, iliyotolewa na Gerald Sussman na Guy Steele mwaka 1975, yupo Racket, na yupo Clojure, ambayo Rich Hickey aliitoa mwaka 2007 na ndiyo iliyonilisha mimi kwa miaka kadhaa.

Mabano si tatizo, unayazoea ndani ya wiki mbili. Kinachomtesa mgeni ni kwamba katika mtindo wa lugha hizi, kitu kikishapewa thamani hakibadiliki. Tuchukue kazi ya kujumlisha orodha ya namba. Kwa mtu aliyezoea lugha nyingine, anaweka sufuria tupu, anapita kwenye orodha namba moja baada ya nyingine, na kila akipita anamimina ndani ya sufuria. Mwisho anachungulia imejaa kiasi gani. Kwenye Lisp ya kifanksheni sufuria haipo. Unasema hivi: jumla ya orodha ni kichwa chake kujumlisha na jumla ya mkia wake, na orodha tupu jumla yake ni sifuri. Basi, umemaliza. Maelezo yanajiita yenyewe, mkia unazidi kufupika, hadi orodha inaisha. Mara ya kwanza unahisi umetapeliwa. Unajiuliza, sasa kazi yenyewe imefanyika wapi?

Kwa hiyo mgeni anapokuja kuuliza, karibu kila mara anauliza habari za sufuria. Swali lake limetoka nchi nyingine. Anayemsaidia analiona hilo papo hapo, na hapo ndipo majaribu yanapoanza, maana kumsahihisha mtu swali ni utamu ambao haufanani na utamu wa kumpa jibu.

Kazini kwetu wakati fulani alikuja kijana kutoka kwenye PHP. Alikuwa na ripoti ya mauzo ya kukabidhi saa kumi jioni. Akamwendea mkubwa wetu mmoja, mtu hodari kweli wa Clojure, akamuuliza, "Kaka, hii jumla naibadilishaje kila nikipita kwenye orodha?"

"Dogo, hapa hatubadilishi vitu. Kwanza niambie, kwa nini unataka kubadilisha?"

Kijana akajieleza. Akaulizwa tena swali kuhusu maelezo yake. Akajieleza tena. Baada ya dakika ishirini alirudi kwenye kiti chake na kichwa kizito na hana hata mstari mmoja wa kodi (si ya nyumba, ile ya kompyuta). Ukweli ni kwamba alichouliza kinawezekana. Clojure ina chombo kinachoitwa atom, ambacho kilichomo ndani yake kinaruhusiwa kubadilishwa, na mkubwa wetu alikijua kama anavyolijua jina lake. Mimi nilimwonyesha kijana hicho chombo, akamaliza ripoti yake. Kesho yake asubuhi tukakaa na chai nikamwonyesha njia ya kichwa na mkia, na nikamwonya juu ya shimo lililomo: Clojure inakaa juu ya mtambo wa Java, kwa hiyo fanksheni ikijiita hovyo kwenye orodha ya vitu laki moja, inakufa katikati ya safari. Kuna neno la kuandika, recur, ili isife. Mkubwa wetu hakufika hata kwenye shimo hilo. Alikuwa bado yuko kwenye falsafa.

Lakini tusimwonee. Hoja yake ni nzito na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Anasema: ukimpa mgeni ile sufuria leo, atabaki anaandika lugha ya kwao kwa mabano ya huku. Hatavuka kamwe. Huruma yako ya leo inamfanya awe kilema wa kudumu. Mwalimu mzuri hakubali mwanafunzi akwepe ugumu ambao ndiyo somo lenyewe.

Mimi naona neno linaloteleza hapo ni "mwanafunzi". Nani amemfanya mwanafunzi? Kijana alikuja kama mfanyakazi mwenye ripoti. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekaa darasani kwa hiari yake na mtu uliyemkalisha darasani kwa sababu alikosa ufunguo na wewe unao.

Halafu hata hilo la ugumu, sina hakika kama jibu likiwa wazi linaua kujifunza. Mwaka 1974 Daniel Friedman alitoa kitabu kidogo, The Little LISPer, ambacho baadaye alikiendeleza pamoja na Matthias Felleisen na leo kinajulikana kama The Little Schemer. Wasomaji wa blogu hii wangekipenda hata bila kompyuta. Kitabu kizima ni mazungumzo. Upande wa kushoto swali, upande wa kulia jibu, ukurasa baada ya ukurasa. Jibu halijafichwa nyuma ya kitabu, lipo palepale, jicho likiteleza kidogo tu umeliona. Na bado watu wengi wamejifunza humo namna ya kufikiri kwa kichwa na mkia. Anayesoma ndiye anayeamua asubiri kwa muda gani kabla ya kutazama kulia. Hakuna anayemshikia jibu.

Sisi wenyewe tuna utaratibu wa zamani juu ya jambo hili, na ajabu ni kwamba tunauchukulia kama mchezo wa watoto. Kitendawili! Tega. Mtegaji anatega, watu wanajaribu, wanacheka, wanakosa. Hakuna anayetoa jibu mapema, maana angeharibu raha. Lakini wakishindwa, mtegaji anadai mji. "Tumekupa Mombasa." Anaupokea, anajitapa kidogo na mji wake, halafu anasema jibu. Hawezi kuchukua Mombasa kisha akakaa kimya. Na angalia bei yenyewe: mji si wa yeyote kati yao, hakuna aliyepoteza kitu, kilicholipwa ni kukiri tu kwamba nimeshindwa. Kukiri huko kunatosha. Mkubwa wetu alipewa mji na dogo, tena mji mkubwa, mbele ya ofisi nzima. Akauchukua, na jibu hakutoa.

Kuna watakaoniambia, mbona yupo anayetoa mji kabla kitendawili hakijakwisha kutegwa? Yupo, namjua, kila mwenye ujuzi wowote anaye wa kwake. Anauliza asubuhi, anauliza mchana, hajawahi kujaribu hata mara moja, na muda wako kwake ni kama maji ya mvua. Huyu simpi, na dhamiri hainisumbui. Ninamwambia, nionyeshe ulipofika ndipo tuongee. Kadhalika yule ambaye naona wazi swali lake ni la mtihani: namwambia usoni kwamba silijibu kwa sababu ni la mtihani. Kukataa waziwazi ni haki ya mtu. Kinachonikera ni kile kikataliwa kinachovaa kanzu ya ualimu, ambapo mtu haambiwi "sikupi", anazungushwa tu mpaka ajione mjinga.

Na anayejua ana hakika gani kwamba swali la mwenzake ndilo lililokosea? Historia ya Lisp yenyewe inamsuta. McCarthy alipokuwa anatengeneza nadharia yake, aliyoichapisha mwaka 1960, aliandika fanksheni iitwayo eval, inayoeleza kwa lugha ya Lisp namna ya kuipatia Lisp thamani yake. Kwake ilikuwa ya kusomwa, kama uthibitisho wa hisabati. Steve Russell, mmoja wa waandishi wa programu aliokuwa nao, akauliza kwa nini asiiandike hiyo eval ikafanya kazi kwenye mashine. McCarthy amesimulia mwenyewe kwamba alimjibu kuwa anachanganya nadharia na vitendo, kitu hiki ni cha kusoma, si cha kuendesha. Russell akaenda akaiandika kwa ajili ya IBM 704, na ikafanya kazi. Ghafla kukawa na Lisp inayoishi ndani ya mashine. Aliyesahihisha swali alikuwa ndiye mwenye lugha, duniani hakukuwa na aliyeijua kuliko yeye, na bado muulizaji ndiye aliyekuwa ameona mlango.

Bahati yao, Russell hakuhitaji ruhusa. Angekuwa kijana wa wiki mbili mwenye ripoti ya saa kumi, sijui.

Yule dogo, baada ya siku ile, hakumuuliza tena mkubwa wetu kitu kwa miezi kadhaa. Alikuwa anakuja kwangu, au anahangaika peke yake hadi usiku. Mkubwa naye alilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaulizi. Sufuria ya ripoti ya mauzo bado imo kwenye kodi mpaka leo. Kijana mwenyewe alishajifunza njia nyingine, anaandika vizuri kuliko mimi, na kila tukipita pale kurekebisha jambo anasema ataiondoa. Inafanya kazi, kwa hiyo tunaipita.