Wasifu wa Kazi Uanze na Vyeti, Si na Maneno

Nafasi za kazi zikitangazwa halmashauri au mgodini Nyamongo, vijana wengi wa kata ya Nyamisangura hukimbilia steshenari kuchapiwa CV. Muda wa maombi unakaribia kwisha, na mchapaji tayari ana wasifu wa mtu mwingine kwenye kompyuta. Anafuta jina, anaandika jipya, na mengine yanajazwa kwa haraka. Ndugu zangu, hapo tusimame kwanza, maana nchi yetu imekwisha kuona mwisho wa kuomba kazi kwa karatasi zisizo za kweli.

Tarehe 28 Aprili 2017, katika ukumbi wa Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais John Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu zaidi ya mmoja. Rais aliagiza wenye vyeti vya kughushi waondoke kazini kabla ya 15 Mei, la sivyo washtakiwe. Wapo waliokuwa wametumikia miaka mingi, wana familia na mikopo. Mwaka 2022 ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza warudishiwe michango waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii.

Dalili hazikukosekana. Matangazo ya ajira za serikali huonya waziwazi kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Mwaka 2016 watumishi hewa walianza kusakwa, kisha Baraza la Mitihani likaanza kuhakiki vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Kila mtahiniwa ana namba yake. Watu wawili wakibeba namba moja, kumbukumbu za Baraza zinawafichua. Lakini kila mwaka uliopita salama ulimpa mtu moyo wa kuamini kwamba jambo limesahaulika. Wengine walidhani elimu ya juu waliyoipata baadaye ingefunika cheti cha chini. Haikufunika.

Tusiwahukumu kana kwamba sisi tuko mbali na kishawishi hicho. Mimi na wewe, tukikaa muda mrefu bila kazi huku nyumbani wanatutegemea, tunaweza kuongeza mwaka mmoja wa uzoefu, au kuandika kozi ambayo hatukuimaliza. Uongo mkubwa huanza na mstari mmoja wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda steshenari, tandaza vyeti vyako mezani. Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo. Yakitofautiana, shughulikia mapema hati ya kisheria ya jina. Panga elimu kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, na miaka ifuatane. Kwenye uzoefu, taja kazi uliyoifanya, wapi na lini. Kama ulimsaidia mjomba kutunza hesabu za duka, andika hivyo. Ni kazi halisi na unaweza kuieleza kwenye usaili. Zungumza na wadhamini wako watatu kabla ya kuwaandika, ili wakipigiwa simu wasishangae. Mwisho, soma kila mstari ukijiuliza: nikiulizwa hili, nitaonyesha nini?

Utaratibu huu humlinda pia mkweli. Baada ya uhakiki ule, wapo waliokata rufaa, wakathibitika kuwa hawana kosa na kurejeshwa kazini. Basi tunza vyeti halisi mahali salama, na nakala zake mahali pengine. Mzazi, dada au kaka mwenye kijana anayeomba kazi, kaa naye muupitie wasifu wake pamoja kabla hajautuma. Ukiona mstari usio na ushahidi, mwambie aufute, hata kama ukurasa utabaki mfupi.