Daku ya anayepasuliwa leo



Tuseme saa 2 asubuhi unapasuliwa, pale Ndanda au Mkomaindo. Umeshaambiwa usile kitu. Saa 10 alfajiri mama anakuletea ugali na mbaazi: "Kula mwanangu, siku ni ndefu." Unakula. Ukiulizwa hospitali unaona haya, unajibu, "Nimefunga."

Ndugu yangu, hilo jibu linaweza kukuua. Ukipigwa nusu kaputi, koo nalo linalala. Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaingia mapafuni. Ndiyo maana kwa kawaida wanataka masaa 6 bila chakula, zaidi kama kilikuwa cha mafuta, na masaa 2 bila hata maji. Wewe fuata ulivyoambiwa na daktari wako.

Swaumu ni siri yako na Mola wako. Na hii ni amana ileile: ulichokula unakijua wewe na Allah. Basi sema kweli, hata kama utaahirishwa. Taja na dawa unazotumia, za kienyeji pia.

Ukilazimika kufungua, usidhani umepoteza Ramadhani. Al-Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa. Utalipa siku nyingine.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, waachie watu wako orodha ya madeni, omba radhi, soma dua ya kulala. Az-Zumar, aya ya 42, inatukumbusha: anayezichukua roho usingizini na kuzirudisha ni Yeye.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Aamin. Mtumie mwenye mgonjwa.