Ganda Lililotoka Katika Damu

Je, ufundi ukishakigeuza kitu, asili yake inafutika? Swali hili la kale la wanafikihi sasa limeingia chumba cha ultrasaundi. Moyo usipoonekana vizuri, mgonjwa huchomwa sindano yenye viputo vya gesi, vingi vikiwa vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Kiputo kitupu huyeyuka upesi, hivyo huvikwa ganda. Ganda la Optison, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ni albumini, protini ya damu ya binadamu. Katika mbinu mojawapo ya kutengeneza viputo vya aina hiyo, myeyusho wa albumini hupigwa kwa mawimbi makali ya sauti, na molekuli zake hushikamana kwa vifungo vya salfa hadi kuwa ukuta mwembamba kuizunguka gesi.

Mwanakemia atasema hiyo si damu tena. Ni kweli, na dini zinaujua mjadala huo. Katika fikihi ya Kiislamu mageuzi hayo huitwa istihala: Wahanafi wameipanua, ilhali Washafii, wanaofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wameibana. Mashahidi wa Yehova hukataa kutiwa damu, lakini suala la albumini wamemwachia kila muumini na dhamiri yake. Hoja yangu ni kwamba mageuzi yanaweza kubadili hukumu, ila hayafuti asili. Tiba yenyewe inakiri hivyo, kwani maelezo ya Optison hutahadharisha kwamba kitu kilichotokana na damu kinaweza, kwa nadra mno, kubeba virusi. Ikiwa asili inamhusu daktari anayepima hatari, inamhusu pia muumini anayepima halali.

Watakaopinga watasema kiasi ni kidogo mno, na kwamba maelezo yatamtia hofu mgonjwa. Lakini katazo la dini halianzi kwenye mizani, na mtu hana uhuru wa kuridhia jambo alilofichwa. Dharura ni kweli hulegeza katazo, ila hupungua nguvu palipo na mbadala. Nao upo: Definity, iliyoidhinishwa mwaka 2001, ina ganda la mafuta lisilotokana na damu, na kichupa chake hutikiswa kwa mashine sekunde 45 tu. Basi fomu ya ridhaa itaje ganda limetokana na nini, na uamuzi uwe wa mgonjwa.