Amri Bila Sikio

Ukimwamuru mtu, naye akafanya kitu tofauti kidogo na ulichosema, kosa ni la nani? Wengi wetu tuna jibu tayari: ni lake, si aliambiwa? Mimi nataka tulipime swali hili kwa chombo cha muziki kwanza, kwa sababu chombo hakijui kujitetea.

Minimoog Model D ilitoka Marekani mwaka 1970. Ni sinthesaiza ya analogi, yaani ndani yake hakuna namba, kuna umeme tu. Ina osileta tatu zinazotoa sauti, na kupanda au kushuka kwa sauti hiyo kunategemea volti. Ongeza volti moja, noti inapanda oktava nzima. Oktava ina hatua 12, kwa hivyo kutoka noti moja hadi jirani yake ni milivolti 83 hivi. Kosea kwa milivolti nane tu, na sikio zuri litashtuka.

Shida ni kwamba hii mashine inasikia joto. Ukiiwasha ikiwa baridi, noti zake zinasonga polepole mpaka ipate moto. Chumba kikibadilika, nayo inabadilika. Tena haina kumbukumbu: sauti uliyoitengeneza jana kwa kuzungusha vinobu, leo unaitafuta upya.

Sasa iunganishe na kompyuta. Tangu 1983 kuna lugha ya pamoja ya vyombo vya kielektroniki, MIDI, ambayo Dave Smith na Ikutaro Kakehashi walipewa Grammy ya kiufundi kwa ajili yake mwaka 2013. MIDI hutuma namba: noti gani, imebonyezwa kwa nguvu gani, kuanzia 0 hadi 127. Minimoog ya 1970 haizijui namba hizo, kwa hivyo katikati unaweka kifaa cha kuzigeuza kuwa volti. Hata neno "piga" lina lugha yake. Sinthesaiza nyingi za zamani huanza kulia volti ikipanda. Minimoog huanza waya ukigusishwa na ardhi, volti ikianguka hadi sifuri.

Ukishamaliza hayo yote, kompyuta inatuma amri, na hapo mazungumzo yanaisha. Hakuna jibu linalorudi. Kwenye skrini kila noti imekaa kwa mstari wake, safi kabisa. Chumbani sauti imepinda. Ukiiuliza kompyuta, itaapa kwamba kazi imefanyika. Na watu watasema, ah, hiyo mashine ni mzee, imechoka. Lakini wapi! Minimoog imetii kila kitu, pamoja na joto. Aliyesahau kwamba chumba kina joto ni mwenye kuamuru.

Hiyo skrini safi naijua kutoka upande wa pili. Nimefanya kazi za mtandaoni za kuandika maneno ya watu waliorekodiwa. Mfumo unakutumia rekodi, unahesabu dakika, unakupa alama. Stima zikipotea, au jirani akianza kuchomelea mageti, hakuna mahali pa kuandika hilo. Alama zinashuka tu. Sikuwa nimekataa amri ya mtu. Nilikuwa tu ndani ya chumba chenye joto lake.

Kwa mashine, tiba ipo. Programu kama Silent Way ya Expert Sleepers hutoa volti kupitia kadi ya sauti, kisha sauti ya sinthesaiza inarudishwa kwa waya mwingine hadi kwenye kompyuta. Kompyuta inasikiliza: nimetuma hivi, kumerudi vile. Inaandika tofauti, inakwenda noti inayofuata. Mwisho ina ramani ya mashine hii, kwa joto la leo. Kesho huenda ikabidi isikilize tena.

Utaniambia kwamba kusikiliza nako kunaweza kuwa upelelezi. Kweli. Kuna waajiri wanaohesabu kila kibonye unachogusa, na bado hawajakusikia. Kwangu tofauti iko hapa: baada ya kusikiliza, nani anabadilika? Programu ile haifungui Minimoog kuinyoosha. Inarekebisha amri yake yenyewe. Mfumo unaohesabu vibonye haubadilishi chochote chake. Unangoja wewe ubadilike.

Pia kuna pa kuacha. Osileta tatu zikipishana kidogo sana, sauti inakuwa nene na inapumua, na ni kwa ajili ya unene huo watu bado wanaitafuta mashine ya zaidi ya miaka 50. Ukifuta kila tofauti, kwa nini hukununua programu ya kuigiza tu, iliyo rahisi kuliko Minimoog yenyewe?

Sisemi chombo hakikosei kamwe. Osileta inaweza kufa, na hapo unaita fundi. Lakini huwezi kujua kama imekufa au imepata joto tu, kama hujawahi kuweka ule waya wa kurudi. Kwa hivyo jibu langu ni hili: mpaka aliyeamuru asikilize, na akubali kugusa amri yake kwanza, hana haki ya kusema kosa ni la nani.