"Tumeshinda" au "Wameshindwa"?

Mtazamaji asiyetoka tone la jasho ana haki gani ya kusema "tumeshinda"? Mwezi Machi 2018, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Virginia, huko Marekani, iliishinda North Carolina kwa pointi 71 kwa 63 ikatwaa ubingwa wa ligi yake, ACC. Ushindi wa namna hiyo mashabiki huuchambua hadi usiku wa manane: ulinzi wetu, subira yetu. Siku sita baadaye, katika mashindano ya taifa, UMBC iliyodharauliwa na wengi iliwapiga 74 kwa 54.

Mtaalamu Robert Cialdini na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba wanafunzi wa vyuo vya huko husema "sisi" zaidi timu yao ishindapo kuliko ishindwapo. Mimi sioni kosa katika "sisi" ya ushindi; furaha ya kushiriki si wizi. Lakini aliyeitamka amejifunga kwa neno lake: yampasa aseme "tumeshindwa" usiku ule wa pointi 20, tena kabla ya kumlaumu kocha. Mwaka 2019 Virginia walitwaa ubingwa wa taifa. Je, shabiki aliyewakana mwaka uliotangulia alishangilia kwa haki gani?